Printa yako haijafa, usiitupe

Ni Jumatatu asubuhi. Umefungua saiberi yako, tuseme Kaptembwo, au Njoro karibu na geti la chuo, au Gilgil mkabala na stendi. Wikendi nzima ulikuwa ukibadilisha Windows ya kompyuta, na jana usiku ulilala na furaha kwa sababu mashine inawaka haraka kuliko zamani. Mteja wa kwanza anaingia na fomu kwenye simu. Anataka iprintiwe mara mbili, na kitambulisho kiskaniwe pande zote. Unabonyeza. Kimya. Unabonyeza tena. Printa iliyokuwa ikitema karatasi Ijumaa jioni sasa inakutazama tu na taa yake ya kijani, kama mtu aliyesusa.

Mteja anasubiri dakika tano, anaangalia saa, kisha anavuka barabara kwa jirani. Ukurasa mmoja ni shilingi 10 tu, ndiyo. Lakini saiberi haijengwi na ukurasa mmoja. Inajengwa na yule mtu anayerudi kila mara kwa sababu siku alipokuwa na haraka ulimhudumia bila maneno mengi. Msimu wa kuwasilisha ripoti za KRA kabla ya Juni 30, msimu wa wanafunzi kuomba mkopo wa HELB, msimu wa KUCCPS: hizo ndizo siku za mavuno, na printa ndiyo jembe.

Basi kabla hujampigia fundi, na kabla hujaanza kuuliza bei ya printa mpya Kenyatta Avenue, ukurasa huu una neno nawe. Mara nyingi printa hiyo ni nzima kabisa. Kilichokatika ni mazungumzo kati yake na kompyuta. Kuyarudisha ni kazi unayoweza kuifanya mwenyewe ukiwa na subira, na bando ya kutosha kupakua programu moja au mbili. Tatizo ni kwamba hakuna aliyetufunza. Tulipomaliza kidato cha nne tulipelekwa kusomea "pakeji". Tukajua kuandika barua, kupanga jedwali na kupamba slaidi, tukapewa cheti. Mashine yenyewe hatukuonyeshwa.

Kwa nini tunalizungumza sasa? Oktoba 14, 2025, Microsoft ilifikisha mwisho wa Windows 10, mfumo ulioanza mwaka 2015. Anayejisajili kwa mpango wa ziada anaongezewa masasisho ya usalama hadi Oktoba 13, 2026. Asiyejisajili amebaki na mlango usio na komeo. Windows 11 nayo haiingii popote tu. Inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa kompyuta za Intel inataka, isipokuwa chache, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Sasa angalia kompyuta za saiberi zetu. Nyingi ni zile za ex-UK, zilizokwisha kutumika ofisini ng'ambo kabla ya kuletwa huku. Ukikuta Core i5 ya kizazi cha nne au cha sita usishangae. Mashine inafanya kazi vizuri, lakini kwa sheria za Windows 11 haina ruhusa.

Ndiyo maana vijana wamegawanyika. Wapo waliolazimisha Windows 11 kwa njia za mkato. Wapo walionunua mashine nyingine. Wapo waliohamia Linux Mint au Ubuntu, mifumo isiyolipiwa hata senti, na ambayo kompyuta ya mwaka 2014 huibeba bila kuhema. (Jina Ubuntu, kwa njia, ni la lugha za kusini mwa Afrika, na Mswahili hahitaji kulitafsiriwa: ni utu.) Wapo pia waliobaki pale pale wakisema bora uhai. Hao wa mwisho tuwaambie wazi: ukiwa unafungua akaunti za eCitizen na iTax za watu, na vitambulisho vyao vimejaa kwenye kompyuta yako, moto unaouchezea si wako peke yako. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamhusu hata mwenye saiberi ya kompyuta mbili.

Kwa hivyo kubadilisha mfumo ni jambo la maana. Lakini kila anayebadilisha hukutana na printa njiani.

Hebu tuelewane kuhusu printa yenyewe. Kompyuta na printa hazizungumzi lugha moja. Katikati yao kuna programu ndogo inayoitwa draiva, nayo kazi yake ni kama ya mkalimani wa mahakamani. Hakimu anasema Kiingereza, mzee aliyetoka Kuresoi anajibu kwa Kikalenjin, na bila mkalimani kesi haisongi, hata kama wote wawili wana akili timamu. Ulipofuta Windows ya zamani ulimfukuza mkalimani. Mzee bado yuko kizimbani, mzima, anasubiri kuulizwa.

Na hapa ndipo wengi huchanganyikiwa: mashine moja inayochapisha na kuskani huhitaji wakalimani wawili. Kwa kompyuta, printa na skana ni wapangaji wawili katika ploti moja, kila mmoja na mlango wake. Ndiyo maana unaweza kuona inaprinti vizuri lakini ukitaka kuskani unaambiwa hakuna skana. Haijaharibika nusu. Mkalimani wa pili ndiye hajafika.

Kabla ya draiva, lakini, fanya jaribio hili. Chomoa waya wa USB kwenye kompyuta kabisa. Weka karatasi yenye maandishi juu ya kioo cha printa, ufunike, kisha ubonyeze kitufe cha kutoa kopi kwenye printa yenyewe. Ikitoa kopi safi, umemaliza nusu ya kesi. Umethibitisha kwamba kioo kinasoma, wino upo, karatasi inavutwa, moyo unapiga. Skana ni nzima na printa ni nzima, kwa pamoja, bila kompyuta kuhusika. Kuanzia hapo mtu yeyote akikwambia "hii hedi imeenda" au "hii bodi imeungua", mpe pole na umwonyeshe kopi. Jaribio hili halina gharama ila karatasi moja, na limeokoa printa nyingi kuliko bisibisi. Kama mashine yako ni ya kuchapisha tu, isiyo na kioo, nyingi zina kitufe ambacho ukikishikilia kwa sekunde kadhaa hutoa ukurasa wa majaribio. Tafuta hicho.

Kopi ikikataa kutoka, hapo sawa, tafuta fundi. Lakini ikitoka, endelea nasi.

Rudisha waya. Uchomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye kile kigawanyio cha USB kinachobeba pia kipanya, kibodi na chaja ya simu ya mteja. Kisha uulize kompyuta kama inaona kitu. Kwenye Windows fungua Device Manager. Kwenye Linux fungua dirisha la amri uandike lsusb. Ukiona jina la printa yako, au hata alama ya mshangao ya manjano kando ya kifaa kisichojulikana, waya ni mzima na kilichobaki ni draiva. Usipoona chochote, badilisha waya kwanza. Nyaya za USB za printa huchoka, hasa pale mgongoni zinapokunjwa na meza iliyosukumwa ukutani.

Kama printa yako hutumia Wi-Fi, tazama jambo dogo ambalo hukosesha watu usingizi. Baada ya kuweka mfumo mpya, laptopu inaweza kuwa imeunganishwa na hotspoti ya simu yako wakati printa iko kwenye Wi-Fi ya nyumba. Hizo ni nyumba mbili, hawawezi kusikiana. Tena Windows mpya, ikiulizwa, huwa inauchukulia mtandao wowote kuwa wa umma, kama ule wa hotelini, na hujificha isionekane na vifaa vingine wala kuvitafuta. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao uiambie kwamba hapa ni nyumbani. Na ukiwa umebanwa na mteja yuko mlangoni, jaribu kuprinti moja kwa moja kutoka kwa simu. Printa nyingi za Wi-Fi za miaka ya karibuni hukubali bila kompyuta. Zikikubali, umepata jibu na pesa kwa mpigo mmoja.

Tuje kwa waliohamia Windows 11. Windows 11 ni ya biti 64 pekee. Kompyuta nyingi za zamani zilikuwa na Windows ya biti 32, na ile CD iliyokuja na printa mwaka 2012 huenda ina draiva za enzi hiyo tu. Ukiiingiza itakataa, au mbaya zaidi, itajifanya imekubali. Achana na CD. Nenda kwenye tovuti ya waliotengeneza printa, utafute modeli yako kamili, herufi na nambari zote kama zilivyo kwenye kibandiko cha nyuma, upakue kifurushi kamili chenye draiva ya kuchapisha na ya kuskani. Mara nyingi watakwambia uchomoe waya kwanza, uweke programu, kisha uchomeke ukiulizwa. Watii. Mtu akichomeka mapema, Windows hujitafutia draiva ya juujuu ambayo inaprinti lakini haijui lolote kuhusu skana.

Usiingie tovuti yoyote nyingine ya draiva, hata kama ndiyo ya kwanza Google inayokuonyesha. Zile programu zinazodai kukusasishia draiva zote kwa mbofyo mmoja ni mtego. Nyingine huja na matangazo, nyingine huja na wezi wa nywila. Saiberi iliyoingiliwa ni saiberi ambayo nywila za wateja wake ziko sokoni.

Umeweka draiva sahihi na bado kimya? Angalia foleni ya kazi. Huenda tayari kuna kurasa 14 zilizokwama tangu asubuhi, zote za yule mteja, na ya kwanza ndiyo iliyoziba njia. Zifute. Zikikataa kufutika, ingia kwenye Services, usimamishe Print Spooler, uende kwenye folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS ufute kila kilichomo ndani, kisha uiwashe tena. Halafu angalia ni printa ipi kompyuta imeichagua kuwa ya kawaida. Windows ina tabia ya kujichagulia printa iliyotumika mwisho, na mara nyingi utakuta imechagua ile ya kutengeneza PDF. Wewe unabonyeza "print", nayo inakuuliza faili uihifadhi wapi, na unadhani imerogwa. Izime tabia hiyo kwenye mipangilio, uchague printa yako mwenyewe.

Lipo jingine dogo, na hili limewatoa watu jasho bure: saizi ya karatasi. Mfumo mpya ukiuwekea lugha na nchi ya Marekani, huenda ukadhani dunia nzima hutumia karatasi ya Letter, ya milimita 216 kwa 279. Sisi tunatumia A4, ya 210 kwa 297. Printa inapokea kazi ya Letter, inaona trei ina A4, inawasha taa ya rangi ya chungwa na kungoja uilishe karatasi ambayo hutaipata Nakuru nzima. Haijakwama, imekuwa mwaminifu kupita kiasi. Badilisha saizi kwenye mipangilio ya printa na pia ndani ya programu unayoprintia.

Saiberi zenye printa moja iliyounganishwa na kompyuta ya mbele, huku zile nyingine zikiprinti kupitia kwake, zina taabu yao. Mwaka 2021 iligunduliwa dosari kubwa ya usalama katika sehemu ya Windows inayoshughulikia uchapishaji, ile iliyopewa jina PrintNightmare. Microsoft ilipoiziba, ilibana pia njia ambazo kompyuta hushirikiana printa. Ndiyo sababu kompyuta zilizokuwa zikielewana vizuri zilianza kurushiana nambari za makosa. Utaona mtandaoni watu wakikushauri uzime kinga hiyo. Usiizime. Kama printa ina Wi-Fi au tundu la waya wa mtandao, iunganishe na ruta, kila kompyuta iifikie moja kwa moja. Ni safi zaidi, na kompyuta ya mbele ikizimwa wengine hawakwami.

Sasa Linux, na hapa tutakaa kidogo kwa sababu ndiko vijana wengi wenye mashine za zamani wanakoelekea, na ndiko uvumi ulikojaa. Utaambiwa Linux haijui printa. Si kweli, na pia si uongo mtupu. Inategemea una printa gani.

Printa zilizotengenezwa kuelewana na simu, yaani zile zenye AirPrint, teknolojia ambayo Apple iliileta mwaka 2010, kwa kawaida hazihitaji draiva yoyote kwenye Linux. Unaiunganisha na Wi-Fi, unafungua orodha ya printa, iko pale inakungoja. Skana yake pia huonekana yenyewe ukifungua programu ya Document Scanner. Kuna watu wamehama Windows wakijiandaa kwa vita, wakakuta adui hayupo.

HP wao wana programu yao ya Linux iitwayo HPLIP, na Mint huja nayo. Unaandika hp-setup, unafuata maswali. Lakini baadhi ya leza ndogo tunazozipenda sana huku, kama LaserJet P1102 na ile 1020 ya zamani, zinadai kitu cha ziada, plagini, ambayo huipati bila intaneti. Andika hp-plugin uikubali. Ile 1020 ina kisa chake: haina kumbukumbu ya kudumu ya programu inayoiendesha. Kila inapozimwa husahau kila kitu, na kompyuta ndiyo huifundisha upya inapowaka. Katika eneo ambalo stima hupotea bila kuaga, ni vyema kulijua hili. Stima ikirudi na printa ikajifanya haikujui, izime na kuiwasha kompyuta ikiwa tayari imewaka.

Epson za matangi ya wino, zile za L ambazo zimejaa saiberi zetu kwa sababu wino wake ni nafuu, zina draiva za Linux kwenye tovuti ya Epson wenyewe, na kwa skana kuna programu yao iitwayo Epson Scan 2. Brother pia hutoa. Canon LBP2900, ile leza nyeupe isiyozeeka, ndiyo mkaidi: draiva yake ya Linux ni ya zamani na inasumbua kuiweka. Kama hiyo ndiyo tegemeo lako, usihame kabla hujapata mtu aliyeifanikisha na kukuonyesha kwa macho.

Jambo jingine la Linux za siku hizi ni kuonyesha printa moja mara mbili kwenye orodha, majina yakitofautiana kidogo. Moja hupitia njia mpya isiyo na draiva, nyingine njia ya zamani. Jaribu zote mbili ubaki na ile inayofanya kazi, ile nyingine uifute, la sivyo mfanyakazi wako atakuwa akibahatisha kila siku. Kwa upande wa skana Linux ina fadhila isiyotajwa sana. Zipo skana za zamani ambazo kampuni ziliacha kuziandikia draiva za Windows mpya, lakini mradi wa SANE, unaosimamia skana kwenye Linux, bado unazijua. Ile skana uliyoiweka juu ya kabati kwa kuambiwa imepitwa na wakati, ishushe uijaribu.

Na ushauri ambao tungeuweka mwanzoni kabisa kama tungekupata kabla ya wikendi ile: Linux Mint huendeshwa kutoka kwa flashi bila kugusa chochote kwenye kompyuta. Iwashe hivyo. Unganisha printa, printi ukurasa mmoja, skani kitambulisho chako mwenyewe. Vyote viwili vikifaulu, ndipo ufute Windows. Visipofaulu, zima, chomoa flashi, urudi kwenye mfumo wako kana kwamba hakuna lililotokea. Fundi anayekubadilishia mfumo bila kukuuliza una printa gani, mlipe nusu.

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini mkalimani huyu awe mali ya kampuni, aje na kuondoka wapendavyo? Si swali jipya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika maabara ya chuo cha MIT kule Marekani, kulikuwa na printa ya leza ya Xerox iliyokuwa ikikwama karatasi mara kwa mara. Mtaalamu wa programu Richard Stallman alitaka kuongeza kipengele cha kuwaarifu watu printa inapokwama, kama alivyokuwa amefanya kwa printa ya awali. Aliomba msimbo wa programu ya printa hiyo kwa mtu aliyekuwa nao, akanyimwa kwa sababu yule mtu alikuwa ameahidi kutougawa. Stallman amesimulia mwenyewe jinsi tukio hilo lilivyomkera. Septemba 1983 akatangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza mfumo ambao kila mtu angeweza kuufungua, kuusoma na kuurekebisha. Sehemu kubwa ya Linux unayoipakua leo bure ilitoka huko. Kwa hivyo ukiwa umeinama Njoro saa nne usiku ukipigana na draiva, fahamu kwamba ugomvi huu umewatangulia wengi.

Na mambo hayatakaa kama yalivyo. Septemba 2023 Microsoft ilitangaza mpango wa kuacha hatua kwa hatua kusambaza draiva za kampuni za printa kupitia masasisho ya Windows, na badala yake kutegemea ile njia ya pamoja isiyo na draiva. Kwa mnunuzi wa printa mpya ni habari njema. Kwa mwenye printa ya miaka kumi ni onyo: pakua draiva yako leo, tovuti ikiwa bado inayo.

Tunarudi kwa pakeji. Nakuru ni jiji tangu Desemba 1, 2021. Tuna vyuo vikuu, tuna Rift Valley National Polytechnic, tuna vyuo vidogo vya kompyuta juu ya kila duka la pili mjini, na vingine Naivasha na Molo. Serikali yenyewe ilihamishia huduma zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen mwaka 2023. Huduma zote hizo, kwa mama wa Subukia asiye na simu ya maana, hupitia mikononi mwa kijana wa saiberi, na kwa kijana huyo hupitia kwenye printa na skana. Halafu kijana huyo huyo ndiye tuliyemfunza kupamba slaidi. Tunawaomba wakufunzi waongeze somo moja tu, la siku mbili. Mpe mwanafunzi kompyuta isiyo na mfumo, flashi, printa na skana za aina tofauti, na ukurasa wa kuskani. Akitoka na karatasi mkononi amefaulu. Asipotoka nayo, cheti kingoje.

Hiyo ni kazi ya kulipwa pia. Zahanati, shule za binafsi, maduka ya dawa, ofisi za mawakili, vyama vya akiba: wote hawa wana printa na wote wanabadilisha kompyuta miaka hii. Kijana anayejua kumrudisha mkalimani hahitaji kufungua duka. Anahitaji begi, flashi tatu na nambari yake ya simu kwenye ukuta wa stendi.

Ukishindwa kabisa, yaani printa nzima, draiva haipo, Linux haiijui, bado usiitupe. Chukua ile kompyuta yako kuukuu yenye Windows 10, iondoe kwenye intaneti kabisa, uiachie kazi moja: kuprinti na kuskani kupitia flashi. Isiyoingia mtandaoni haiingiliwi kirahisi. Flashi ya mteja ikaguliwe virusi kwanza kwenye mashine iliyo na masasisho.

Na si kila kasoro ni ya mfumo. Kuna kijana aliyebadilisha draiva mara tatu kwa sababu kila alichoskani kilikuja na mstari mweusi kutoka juu hadi chini. Nakuru, wengi husema, ni jina lililotokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi, na vumbi hilo halijahama. Skana zinazojivutia karatasi zenyewe zina kijikanda chembamba cha kioo pembeni mwa kile kioo kikubwa. Punje moja ikikaa hapo, karatasi inapopita juu yake punje inachora mstari. Kitambaa laini chenye unyevu kidogo kinatosha. Kule Molo kwenye baridi na ukungu, karatasi nayo hunywa unyevu na kujikunja, kisha printa inalaumiwa kwa kukwama. Weka rimu ndani ya mfuko wake, toa unazotumia siku hiyo tu.

Ile draiva uliyoipakua, usiiache kwenye kompyuta peke yake. Itie kwenye flashi, andika kwenye karatasi jina kamili la printa, mfumo ulioiweka na tarehe, kisha uvifunge vyote kwa selotepu nyuma ya mashine, upande usiopata joto. Siku utakayobadilisha mfumo tena, au siku utakapokuwa umesafiri na mdogo wako ndiye kaunta, vitakuwa pale.